Kantangaze: mtafute kwenye jani kabla hajaingia kwenye tunda

Msimu mmoja hapa Ilula niliona majani ya nyanya zangu yana michoro myeupe. Nikasema ni vidomozi, wale inzi wadogo wanaochora majani, nikapulizia dawa yao. Wiki ya tatu matunda yalikuwa na vitundu kama vya sindano, pembeni mwa kikonyo. Alikuwa kantangaze, Tuta absoluta, nondo aliyetoka Amerika Kusini, akafika Hispania 2006 na kwetu 2014. Nilipoteza zaidi ya nusu ya shamba.

Siku hizi nachuma jani na kuliinua juani. Mchoro wa kidomozi ni mwembamba, umepindapinda kama uzi. Wa kantangaze hutanuka ukawa doa pana. Ngozi ya jani hubaki angavu kama nailoni, na ndani yake unaona kinyesi cheusi kimelundikana. Lichane taratibu, mara nyingi utamkuta kiwavi wake: rangi ya maziwa akiwa mchanga, kijani au waridi akikomaa, urefu milimita 7 hivi. Nyuma ya kichwa ana mstari mwembamba mweusi, kama ukosi wa shati. Hapo usibahatishe, tumia lenzi. Ukikuta ndani ya nyanya kiwavi mnene wa sentimita 3, huyo ni funza wa vitumba, na tiba yake ni nyingine.

Nondo mwenyewe ni wa kijivu cha fedha chenye madoa meusi, hazidi milimita 7, na vipapasio vyake ni virefu. Mchana hujibanza katikati ya majani. Mimi humwona kwenye beseni la maji ya sabuni, lililotundikiwa kidonge chenye harufu ya jike. Wanaonasa humo ni madume tu, kwa hiyo beseni linakuambia amefika, halikumalizii kazi.

Jike mmoja anaweza kutaga mayai 260, hasa chini ya majani machanga. Kutoka yai hadi nondo ni siku 24 hadi 38, na joto likipanda anawahi. Viwavi wengi wakishiba hushuka ardhini kugeuka pupa, ndiyo maana kupulizia majani peke yake hakutoshi. Nyanya zikiisha huhamia kwenye mnavu, bilinganya na viazi mviringo. Kwa hiyo baada ya mavuno nang'oa mnavu wote wa pembezoni, nakusanya mashina na matunda mabovu, nayafunika kwa turubai jeusi juani hadi yaoze, kisha nalima udongo ndipo nifikirie kitalu kipya.