Kabla Hujasaini Mkopo wa Bodi: Hesabu ya Shahada ya Sayansi ya Jamii kwa Kijana wa Kilosa na Mikumi

Umemaliza kidato cha sita kwa HGL au HKL, na unafikiria sosholojia, maendeleo ya jamii au sayansi ya siasa. Ni masomo ya maana, na Kilosa inayahitaji. Wilaya iliyozika watu 38 baada ya mapigano ya wakulima na wafugaji pale Rudewa Mbuyuni, Desemba 2000, ina kazi tele kwa anayeielewa jamii. Ila kuhitajika ni jambo moja, kulipwa ni lingine. Chukua daftari, keti na mzazi au mlezi wako, mpige hesabu.

Hatua ya 1: Andika deni la miaka yote mitatu

Fedha ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo, yaani bumu, ni shilingi 10,000 kwa siku. Kwa siku 240 za masomo inafika 2,400,000 kwa mwaka. Ongeza 200,000 za vitabu, na ada tuichukulie 1,300,000. Weka kiwango halisi cha chuo chako. Ukipewa vyote kwa ukamilifu utadaiwa 3,900,000 kwa mwaka, na 11,700,000 ukimaliza. Fedha ya mafunzo kwa vitendo sijaiweka.

Deni hilo siku hizi halivimbi lenyewe. Mwaka 2021 Serikali ilifuta tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo pamoja na faini ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kulipa. Waliosoma zamani watakusimulia jinsi walivyokatwa miaka na miaka huku salio likigoma kushuka. Wasikilize, lakini hofu yao usiirithi.

Hatua ya 2: Ukate mshahara kabla hujaupata

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya, kwa sababu wanauliza mshahara ni kiasi gani badala ya kuuliza mkononi kinabaki nini. Chukulia umeajiriwa serikalini kwa 800,000. Mfuko wa pensheni unachukua asilimia 5, yaani 40,000. Kodi ya mapato, 68,000. Bima ya afya, asilimia 3, ni 24,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, sawa na 120,000. Unabaki na 548,000, kabla ya kodi ya chumba na kabla ya mama kupiga simu kwamba mdogo wako amerudishwa nyumbani.

Gawanya 11,700,000 kwa 120,000: miezi 97 na nusu, miaka minane na ushee. Mshahara ukipanda, muda unapungua. Kwangu mimi huo ni mzigo unaobebeka, mradi mshahara wenyewe upo.

Hatua ya 3: Rudia hesabu bila ajira ya serikali

Sheria inakupa miezi 24 baada ya kuhitimu kabla ya kuanza kurejesha. Baada ya hapo, aliyejiajiri anatakiwa kulipa asilimia 10 ya kipato au angalau 100,000 kwa mwezi. Kwa mwenye banda la chakula stendi ya Mikumi anayebakiwa na 250,000 mwezi mzima, hiyo ni asilimia 40 ya riziki yake. Andika namba hiyo kwa kalamu nyekundu.

Usisahau miradi. Kilosa imewahi kuwa na mradi wa hewa ya ukaa kati ya 2009 na 2014, na ule wa mkaa endelevu uliofika hadi vijiji kama Ihombwa. Miradi ya namna hiyo huajiri watu wa fani yako, lakini kila mmoja una tarehe ya kufungwa. Mkataba wa miaka miwili uuhesabu kama miaka miwili, basi.

Hatua ya 4: Tenganisha deni la Bodi na deni la shamba

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Bodi ikikupa sehemu tu ya ada, pengo linazibwa na nyumbani: linauzwa gunia, kisha mbuzi, kisha ekari ya bondeni inayotoa mpunga. Bodi itakusubiri miezi 24 na haitakutoza riba. Ekari ikishauzwa, familia inaanza kulipia msimu uleule, kwa njaa au kwa kukodi shamba la jirani. Kwa hiyo mkopo wa Bodi ukipungua, kata rufaa dirisha likifunguliwa, tafuta chuo chenye ada ndogo, au ahirisha mwaka ufanye kazi. Shamba lisiguswe. Wazazi wetu hawatakuambia hapana, kwa hiyo kataa wewe.

Hatua ya 5: Muulize anayeifanya kazi hiyo

Nenda ofisi ya kata kwa afisa maendeleo ya jamii, yule anayeshughulikia vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyokopeshwa kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Mwamkie, kisha muulize alisubiri ajira muda gani baada ya kuhitimu, aliishije wakati huo, na angesoma nini leo.

Hatua ya 6: Punguza gharama kwa kuchagua mahali

Chuo Kikuu Mzumbe kiko kwenye barabara ya Iringa kwenda Morogoro, ileile inayopita Mikumi. Mchele na unga vinaweza kukufikia kwa basi, na likizo fupi unarudi nyumbani kwa nauli ndogo. Kama kozi unayoitaka ipo pale, linganisha ada yake na ya Dar es Salaam au Dodoma, ujumlishe na kodi ya chumba, kabla hujapanga machaguo yako.