Kabla Hujabonyeza Enter: Somo la Kutafuta Amri za Jana Herufi kwa Herufi

Wengi wenu mnanijua kama yule wa Elimu anayeshuka kwenye daladala ya Makongo asubuhi akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Leo sina hoja ya boom wala ya foleni ya kantini. Nina somo, na somo lenyewe nimelilipia ada kwa aibu, kwa hiyo naomba mlisome mpaka mwisho.

Nilipokuwa field nilipangiwa shule moja ya sekondari huku huku Goba, dakika 20 kwa miguu kutoka geto langu. Nikakabidhiwa somo la kompyuta, kidato cha tatu. Chumba kilikuwa na mashine 11 zinazowaka, zote za zamani, zote zina Linux kwa sababu ndiyo iliyokubali kukaa humo. Wanafunzi 46. Piga hesabu mwenyewe: wanne kwenye kila kibodi, wawili wamesimama, na kipindi ni dakika 40.

Mashine zile zilitumiwa na mikondo yote, hivyo kazi ukiiacha humo, kesho huikuti. Basi kila Ijumaa nilizikusanya kazi zao kwa flashi na kuzihamishia kwenye mashine ya mwalimu, kwenye folda moja niliyoiita mazoezi. Flashi naifuta, wiki ijayo tunaendelea. Mnaona tatizo linapotokea? Mimi sikuliona.

Sasa tuingie kwenye mada. Ukifungua teminali, ile skrini nyeusi ya kuandikia amri, kila amri unayoandika inahifadhiwa. Wazo la kuzikumbuka amri za nyuma ni la zamani. Bill Joy aliliweka kwenye C shell kule Berkeley, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970. Bash, ambayo ndiyo wengi tunayoikuta kwenye Linux, iliandikwa na Brian Fox na kutoka mwaka 1989. Humo unaweza kubonyeza mshale wa juu ukarudi amri moja moja. Lakini kama amri unayoitaka iko hatua 80 nyuma, utabonyeza mpaka kidole kichoke. Ndiyo maana kuna Ctrl+R. Ukiibonyeza, unaanza kuandika kipande chochote cha amri unayoikumbuka, na kwa kila herufi mashine inakuletea amri ya karibuni zaidi yenye kipande hicho. Ukibonyeza Ctrl+R tena, inakwenda kwenye inayofuata kwa nyuma. Mtindo huu wa kutafuta huku bado unaandika ulizoeleka kwa watumiaji wa Emacs, na Bash ikaufuata.

Ijumaa ya wiki ya tatu nilikuwa nimesahihisha faili langu la kujumlisha alama, na nilitaka kulinakili tena kwenye folda ya mazoezi. Teminali ya mashine ile sikuwa naigusa sana. Historia yake, tangu wiki ya kwanza, ilikuwa hivi, nikihesabu kuanzia sifuri kama Python inavyohesabu:

0  ls
1  python3 alama.py
2  rm -r mazoezi
3  mkdir mazoezi
4  cp alama.py mazoezi
5  python3 jedwali.py

Namba 2 niliiandika wiki ya kwanza, wakati folda ile ina majaribio yangu tu. Niliifuta, nikaiunda upya kwa namba 3, maisha yakaendelea.

Nikabonyeza Ctrl+R, nikaandika maz. Mashine ikaganda kidogo, unajua tena mashine za msaada. Nikabonyeza Ctrl+R mara mbili kwa haraka, kama mtu anayebonyeza kengele ya geti. Skrini ikazinduka, nikaona neno mazoezi, nikapiga Enter. Kimya. Kwenye Linux, kimya maana yake kazi imefanyika.

Kurudi mara mbili kutoka namba 4 ni namba 2. Nilikuwa nimefuta kazi za wiki tatu za watoto 46. Na amri ya rm haipeleki kitu kwenye kapu la taka. Ikifuta, imefuta.

Jumatatu niliwaambia ukweli. Mwalimu mwenzangu mzoefu alinishauri niseme virusi. Nikaona kama nawafundisha kompyuta, nisianze kwa kuisingizia. Darasa likaguna, halafu binti mmoja wa dawati la nyuma akauliza, "Mwalimu, sasa kwa nini kompyuta ilichagua ile ya kufuta?" Sikuwa na jibu zuri. Nikamwambia tutaijenga wenyewe, tuone inavyochagua. Kipindi kile na viwili vilivyofuata tukavitumia hapo, na tulizungumza Kiswahili, maana tatizo lilikuwa zito kutosha bila kuongeza Kiingereza. Si jambo la ajabu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux hapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili.

Haya, fuatana nami. Moyo wa kazi ni kifungu hiki kifupi cha Python:

def tafuta(historia, kipande, mwanzo):
    for i in range(mwanzo, -1, -1):
        if kipande in historia[i]:
            return i
    return None

Yaani: anzia kwenye namba uliyopewa, rudi nyuma mpaka sifuri, simama kwenye mstari wa kwanza wenye kipande hicho. Usipoupata, rudisha hakuna. Mtu wa sayansi ya kompyuta ataniuliza mbona sijaweka mbinu ya kasi zaidi. Faili la mipangilio linalokuja na Ubuntu huweka kumbukumbu ya amri 1000. Hata mashine ya Goba inapitia mistari 1000 kabla hujainua kidole.

Ugumu uko kwenye kukumbuka uko wapi. Programu inashika vitu viwili: kipande ulichoandika mpaka sasa, na mahali, yaani namba ya mstari unaoonekana. Kila kitufe kina kanuni yake.

Kwanza, ukiongeza herufi, anza kutafuta kutoka pale pale ulipo, si hatua moja nyuma. Darasani wengi walikosea hapa. Ukiandika m unatua namba 4. Ukiongeza a, namba 4 bado inafaa. Ukianza hatua moja nyuma utairuka bila sababu.

Pili, ukibonyeza Ctrl+R, anza mahali toa moja. Hapa mtumiaji anasema, "Siyo hii, lete nyingine."

Tatu, ukifuta herufi, usitafute upya kutoka ulipo. Chukua mfano: uko namba 5, ukaandika p, ukabaki hapo hapo. Ukaongeza herufi a ukilenga pa. Hakuna mstari wenye pa. Au ukaandika py halafu rm kwa kukosea. Ukifuta, unategemea kurudi pale ulipokuwa kabla ya kukosea. Kwa hiyo kila hatua tunaiweka kwenye rundo, kama sahani zilizopangwa jikoni: kipande na mahali pamoja. Kufuta ni kuondoa sahani ya juu tu.

Nne, kipande kisipopatikana, usimfute mtu skrini. Mwachie mstari wa mwisho uliofaa, ila mwambie wazi kwamba hakipo. Sisi tuliandika HAKUNA mwanzoni mwa mstari.

Tano, Ctrl+G inaghairi kila kitu na kumrudishia mtu alichokuwa ameandika kabla hajaanza kutafuta. Hii inasahaulika sana, na ndiyo mlango wa dharura.

Kuna kikwazo kimoja kabla hayo yote hayajafanya kazi. Kwa kawaida teminali haikupi herufi mpaka mtu apige Enter. Inasubiri mstari mzima. Sisi tunataka kila herufi ikigongwa tu. Python ina moduli za termios na tty kwa kazi hiyo: unahifadhi mipangilio ya zamani, unaita tty.setcbreak, unasoma herufi moja moja, na ukimaliza unarudisha mipangilio. Kurudisha kuweke ndani ya finally, ili hata programu ikianguka kurudishwe. Kundi moja halikuweka, teminali ikaacha kuonyesha wanachoandika, wakadhani wameua mashine. Dawa ni kuandika stty sane hata kama huoni unachoandika, halafu Enter.

Vitufe vya Ctrl vinafika kama namba. Ctrl+R ni 18 kwa sababu R ni herufi ya 18. Ctrl+G ni 7. Watoto walifurahi hapo kuliko mahali pengine popote, wakaanza kuhesabu herufi za majina yao. Kuchora upya mstari ni kurudi mwanzo wake kwa \r, kufuta mpaka mwisho kwa \x1b[K, kisha kuandika kipande na mstari uliopatikana.

Tukaingiza historia ile ile ya mistari sita. Tukaandika maz: namba 4. Ctrl+R: namba 3. Ctrl+R: namba 2. Darasa likanyamaza. Yule binti akasema, "Kumbe haikuchagua. Ilifanya ulichoiambia." Ni kweli. Mibonyezo yangu haikupotea wakati mashine imeganda. Ilipanga foleni ikasubiri zamu yake.

Lakini mjadala haukuishia hapo. Kwenye Bash, ukipiga Enter katikati ya kutafuta, amri inatekelezwa papo hapo. Ukitaka iletwe kwenye mstari bila kutekelezwa, unabonyeza Esc. Nikawauliza ya kwetu ifanyeje. Kundi moja lilisema kasi ndiyo maana ya kitu chenyewe. Kundi la pili likasema Enter ya kwanza ilete mstari tu, ya pili ndiyo itekeleze. Kijana mmoja akasuluhisha kwa lugha ya mtaani: kwenye kutuma hela kwa simu, mtandao unakuonyesha jina kwanza, halafu ndiyo unaweka namba ya siri. Kura zikapigwa, Enter mbili zikashinda. Nami naungana nao. Kitu kinachobahatisha kwa niaba yako kinapaswa kukuonyesha kilichobahatisha, kisha kikusubiri.

Kwa nyie mnaotumia Bash kesho asubuhi, chukueni haya matatu. Moja, zoea Esc badala ya Enter, soma mstari, ndipo utekeleze. Mbili, kwenye Ubuntu mipangilio ya kawaida haihifadhi amri inayoanza na nafasi tupu. Basi amri ya kufuta iandike ukiwa umetanguliza nafasi moja, isije kukuvizia wiki tatu baadaye. Nenosiri pia lisikae humo kamwe. Tatu, ukibonyeza Ctrl+S kwa bahati mbaya na skrini ikaganda, hujaharibu kitu; bonyeza Ctrl+Q.

Na zile kazi? Baadhi ya wanafunzi wenye kompyuta nyumbani walikuwa wameandika moja kwa moja kwenye mashine, wakaanza upya kabisa. Wale wasio na kompyuta walikuwa na mazoea ya kuiandika programu nzima kwenye daftari usiku, ili wakipata zamu ya kibodi wasipoteze dakika zao. Yule binti wa dawati la nyuma alikuwa na yake, programu ya kuhesabu mauzo ya vitumbua vya mama yake, kurasa tatu kwa kalamu ya bluu. Aliichapa upya ndani ya kipindi kimoja. Kisha akawaazima wenzake daftari ili waone namna ya kupanga.

Siku ya mwisho ya field nilinakili kazi zote mara mbili: moja mashine ya mwalimu, moja kwenye flashi niliyomkabidhi kiongozi wa darasa. Nilitumia Ctrl+R kutafuta ile amri ya kunakili. Nikabonyeza Esc, nikausoma mstari kwa sauti, na watoto wa dawati la mbele wakaitikia, "Sawa Mwalimu, piga."