Je, binti yangu avae michoro ya jangwani?

*Tunaishi Perth. Dukani nimeona magauni ya watoto yenye nukta na duara za Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia. Binti yangu ameyapenda, ila naogopa tusije tukawavunjia heshima wenye sanaa yao. Nifanyeje?*
*Mama mhamiaji*

Dada, si mwiko. Wachoraji wengi wa jangwani hutoa ruhusa kwa hiari michoro yao itiwe kwenye nguo, watu wote wazivae. Tatizo ni michoro ya wizi.

Sanaa hii ya nukta ilishika kasi katika kijiji cha jangwani cha Papunya mwaka 1971, wazee walipoanza kuchora kwa rangi kwenye mbao alama zao za kale za mchangani na mwilini. Duara zilizozungukana zaweza kuwa kisima au kambi. Umbo la U ni mtu aliyeketi. Alama hizi husimulia hadithi, na kila hadithi ina ukoo wenye haki ya kuichora, ndiyo maana kuiga kunaumiza. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho iliitoza kampuni moja faini ya dola milioni 2.3 za Australia kwa kuuza bidhaa zilizotengenezwa Indonesia kana kwamba ni kazi ya Waaborijini.

Basi soma lebo: jina la mchoraji, jamii yake, na kwamba analipwa. Pakiandikwa "mtindo wa Kiaborijini" tu, liache gauni. Vikundi vinavyomilikiwa na wasanii wenyewe, kama Warlukurlangu wa kijiji cha Yuendumu, ni mahali pa kuaminika. Ukihisi udanganyifu, toa taarifa ACCC, tume inayolinda wanunuzi.