Kinderdijk kwa Miguu: Njia ya Maji Kati ya Vinu 19

Vinu vya upepo vya Kinderdijk, katika jimbo la Zuid-Holland nchini Uholanzi, vimechapishwa kwenye kalenda na postikadi nyingi mno. Wageni wengi hufika, hupiga picha wakiwa langoni, kisha huondoka. Hao wanakosa jambo kubwa. Vinu hivi 19 ni mtambo mmoja wa kuhamisha maji uliotandazwa mashambani, na mtu huuelewa kwa kuutembelea kwa miguu, kutoka mtoni hadi ukingo wa mashamba. Ni mwendo wa saa mbili au tatu kwa asiye na haraka. Njia ni tambarare, na kuipita hakulipiwi. Tiketi huhitajika kwa anayetaka kuingia kwenye vinu vya makumbusho.

Matembezi yaanzie juu ya tuta, karibu na gati la boti zinazotoka upande wa Rotterdam. Hapo mito ya Lek na Noord inakutana. Mgeni akitazama nyuma yake anaona mto. Akitazama mbele anaona mifereji, matete na malisho ya ng'ombe, na atagundua kwamba malisho yako chini kuliko maji ya mto. Ardhi ya huku ni udongo laini wa mimea iliyooza majini. Wakulima wa zamani walichimba mitaro ili kuikausha, nayo ilipokauka ikanywea na kudidimia. Kadiri ilivyodidimia, ndivyo maji yalivyozidi kugoma kutoka yenyewe. Mwaka 1277 Floris V, mtawala wa Holland, aliweka ulinzi wa eneo hili la Alblasserwaard chini ya bodi ya maji, kwa sababu tuta la kijiji kimoja halina maana likibomoka la jirani.

Usiku wa kuamkia tarehe 19 Novemba 1421 matuta yalishindwa. Mafuriko ya Mtakatifu Elizabeth yalimeza vijiji vingi upande wa kusini. Wazee husimulia kwamba baada ya dhoruba susu la mtoto lilionekana likielea, na paka alikuwa akirukaruka upande huu na ule ili lisipinduke. Lilikwama kwenye tuta mtoto akiwa hai, na eneo likaitwa Kinderdijk, yaani tuta la mtoto. Ni ngano, lakini mafuriko yenyewe yalikuwa kweli.

Hatua chache kutoka gatini kuna malango ya maji na vituo viwili vya pampu. Wisboom kilijengwa mwaka 1868 kiendeshwe kwa nguvu za mvuke, na leo hupokea wageni. Cha pili, J.U. Smit, ni cha mwaka 1972. Parafujo zake kubwa hupandisha maji siku hizi. Hata hivyo upepo haukustaafishwa mara moja. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mafuta yalipoadimika, vinu vilirudishwa kazini.

Sasa safu mbili za vinu zinajitokeza. Upande mmoja vipo 8 vya mviringo, vya matofali, vilivyojengwa mwaka 1738 na bodi ya Nederwaard. Upande wa pili vipo 8 vyenye pembe nane, vilivyoezekwa matete, vya bodi ya Overwaard, vya mwaka 1740. Vitatu vilivyobaki ni vya polda za jirani, yaani maeneo ya ardhi ya chini yanayokaushwa. Hapa hakukuwa na kazi ya kusaga unga: kinu huwa na gurudumu lenye vibao, linalosukuma maji kutoka mfereji wa chini hadi wa juu. Maji yaliwekwa akiba huko mpaka mto ulipopwa, ndipo malango yakafunguliwa.

Inafaa kusimama kwa muda mbele ya kinu kinachozunguka. Mapanga yake manne, yenye upana wa takriban mita 28 kutoka ncha hadi ncha, hufagia karibu kabisa na nyasi. Uzio usivukwe kamwe. Mwendeshaji hupima kasi kwa kuhesabu mapanga yanayopita chini kwa dakika moja. Yakipita 60, kinu kimezunguka mara 15. Upepo ukibadilika, yeye hugeuza kofia yote ya kinu kwa gurudumu lililo nje, nyuma yake, na upepo ukipungua hutweka tanga juu ya mapanga kama nahodha wa jahazi.

Ndani ya kinu cha makumbusho cha Nederwaard kila kitu kimebanana: jiko, ngazi iliyosimama wima, vitanda vilivyojengwa ndani ya makabati ukutani. Juu kabisa meno ya magurudumu ni ya mbao na hupakwa nta ya nyuki, huku mhimili mkuu ukilainishwa kwa mafuta ya nguruwe. Familia nzima ililala chini ya ngurumo ya magurudumu hayo. Vingi vya vinu hivi bado ni nyumba za watu, hivyo madaraja yao madogo ni ya wenyeji.

Mkao wa mapanga nao husema. Panga la chini likisimamishwa kabla kidogo ya kufika katikati, pana furaha. Likisimama baada ya kupita, pana msiba. Julai 2014, Uholanzi ilipoomboleza waliokufa katika ndege ya MH17, vinu kote nchini viliwekwa katika mkao huo wa msiba.

UNESCO iliiorodhesha Kinderdijk kuwa urithi wa dunia mwaka 1997, na mwaka 2017 ikautambua pia ufundi wa kuendesha vinu. Ndiyo maana wakati mzuri wa kwenda ni Siku ya Taifa ya Vinu, wikendi ya pili ya Mei, ambapo vinu vingi nchini huzungushwa na kufunguliwa kwa umma, na waendeshaji hujibu maswali wakiwa kazini.