Transfoma ya Treni za Modeli: Soma Mgongoni Kabla Hujachomeka

Treni nyingi za modeli zinazonifikia hapa Dar es Salaam zinatoka Marekani, kwenye begi la ndugu aliyekuja likizo, na mara nyingi transfoma yake imo humohumo kwenye boksi. Hiyo naiweka kando kwanza. Mgongoni imeandikwa 120V, 60Hz. Umeme wetu ni 230V, 50Hz. Kile kiadapta cha plagi cha Kariakoo hakipunguzi umeme, kinabadili umbo la miguu tu. Ukiichomeka, volti zinazoelekea relini zinakaribia kuwa maradufu, na koili inachemka mpaka plastiki inanuka.

Ninayoitaka inapokea 230V, au 100–240V, na ina alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine: yaani imekingwa maradufu. Isiyo na maandishi siigusi, hata iwe bei ya kutupa.

Volti hufuata aina ya treni. Treni za kawaida za kipimo cha HO zinataka hadi volti 12 za DC, ilhali za kampuni ya Lionel za kipimo cha O hufika takriban 18 za AC. Ampea ndizo zinazowachanganya watu. Wengi huogopa kwamba ampea nyingi zitaunguza mota, kumbe mota huchukua kiasi inachohitaji tu. Kichwa cha HO cha kisasa kwa kawaida kinakula nusu ampea au pungufu. Cha zamani kinaweza kufika ampea nzima. Jumlisha vichwa vitakavyotembea kwa pamoja, weka taa za mabehewa, kisha acha nafasi kidogo.

Hatari ya ampea nyingi iko kwenye shoti. Behewa likiacha njia, gurudumu la chuma likagusa reli zote mbili, ampea 5 kwa volti 15 ni wati 75, na sehemu kubwa ya joto hilo inaweza kuishia palepale kwenye gurudumu. Plastiki haistahimili. Ndiyo maana kwenye mfumo wa dijitali napima hivi: nachukua sarafu ya mia mbili, nailaza juu ya reli zote mbili, mahali palipo mbali kabisa na transfoma. Umeme lazima ukatike papo hapo. Usipokatika, ondoa sarafu haraka. Mara nyingi tatizo ni nyaya nyembamba. Pitisha waya mnene chini ya meza, uunganishe na reli kila baada ya mita moja au mbili, kisha pima tena.

Jambo la mwisho linaweza kuua. Usiunganishe transfoma mbili za AC kwenye reli moja. Ukichomoa moja ukutani, nyingine inailisha kinyumenyume, na miguu ya plagi uliyoishika inakuwa na volti 230.

Na kama mwezi huu una pesa ya kitu kimoja tu, kichwa kipya au transfoma nzuri, nunua transfoma.