Umepata Kazi Mpya Nairobi? Piga Hesabu Hizi Kabla ya Kutuma Dipositi

Barua ya kazi imefika, tarehe ya kuripoti iko karibu, na sasa unatafuta nyumba upande wa magharibi wa Nairobi. Kila mtu ana jibu lake. Binamu anasema nenda Kawangware, kuna kila kitu. Rafiki wa chuo anasema Uthiru kumetulia. Mtandaoni kuna bedsita safi Riruta, na ajenti anataka utume pesa leo kabla mtu mwingine hajaichukua.

Tulia kidogo. Kuhama ni mojawapo ya siku chache ambapo mtu hutuma pesa nyingi kwa mpigo mmoja kwa mtu asiyemjua. Somo hili linakuonyesha jinsi ya kuchagua mtaa kwa hesabu, na jinsi ya kulipa bila kupoteza pesa.

1. Anza na barabara ya kazini

Dagoretti ni pana kuliko watu wanavyodhani. Inaanzia Kilimani na Kileleshwa, inapita Kawangware, Riruta, Ngando na Waithaka, hadi Mutu-ini na Uthiru kwenye mpaka wa Kiambu. Kusema tu "nitaishi Dagoretti" hakusaidii. Jiulize kwanza: ofisi iko kwenye barabara gani?

Kama ni Upper Hill, Community au Kilimani, barabara yako ni Ngong Road. Tafuta karibu na Dagoretti Corner au Ngando, mahali ambapo matatu moja inakufikisha.

Kama ni Westlands au popote kwenye Waiyaki Way, Uthiru na Kangemi zina maana zaidi.

Kama ni Lavington, watu wengi wa Kawangware huenda huko kwa miguu kila asubuhi. Hiyo ni nauli sifuri.

Katikati kuna Naivasha Road, inayotoka Dagoretti Corner kupitia Riruta na Kawangware hadi Uthiru. Ukikaa kando yake unaweza kushika Ngong Road au Waiyaki Way, lakini ukumbuke kwamba barabara yenyewe hujaa asubuhi na jioni. Ndani zaidi, Waithaka na Mutu-ini, kuna utulivu na hata mashamba, lakini huenda ukahitaji boda kufika steji.

Na kama kazi iko Industrial Area, usikubali bei nzuri ya Dagoretti ikudanganye. Utavuka jiji lote mara mbili kwa siku.

2. Kodi peke yake haikuambii bei ya nyumba

Chukua mfano wa mtu anayefanya kazi Upper Hill siku 22 kwa mwezi. Bei hizi ni za mfano. Wewe utaweka zako.

Nyumba A iko ndani, mbali na barabara kuu:
- Kodi: 9,000
- Matatu, 100 kwenda na 100 kurudi: 4,400
- Boda ya jioni kutoka steji, 50: 1,100
- Maji ya kununua, jerikeni 3 kwa siku kwa 20 kila moja: 1,800
- Jumla: 16,300

Nyumba B iko karibu na Dagoretti Corner:
- Kodi: 12,000, maji yakiwemo
- Matatu, 60 kwenda na 60 kurudi: 2,640
- Jumla: 14,640

Nyumba iliyoonekana rahisi kwa 3,000 imekuwa ghali kwa 1,660 kila mwezi. Kwa mwaka ni 19,920, na bado hatujahesabu saa ulizokaa kwenye jam.

Kuna njia ya haraka ya kulinganisha. Chukua tofauti ya kodi ugawanye kwa siku zako za kazi. Hapa ni 3,000 kwa 22, yaani kama shilingi 136 kwa siku. Nyumba A inakuongezea 80 za matatu na 50 za boda, jumla 130. Usafiri peke yake umekula karibu akiba yote. Maji yakamaliza kazi.

Lakini kuwa karibu si lazima kuwe nafuu. Kama Nyumba A ingekuwa na maji yake na wewe si mtu wa boda, ingeshinda kwa 1,240. Ndiyo maana tunasema hesabu, usikisie.

3. Nenda mara mbili, na mara moja iwe jioni

Picha za mtandaoni hazionyeshi mambo ya graundi. Nenda mwenyewe, au mtume mtu wako wa karibu unayemwamini. Ziara ya kwanza iwe asubuhi ya siku ya kazi, uhesabu dakika kutoka mlangoni hadi ofisini. Ya pili iwe saa moja jioni, uone njia ina taa na watu, na nauli imepanda kiasi gani. Mvua ikinyesha jioni, nauli huruka. Hilo kila abiria wa Ngong Road anajua.

Ukifika, uliza haya, na uwaulize wapangaji, si keateka peke yake:

- Maji huja siku gani? Yasipokuja, kuna kisima au tangi?
- Mita ya stima ni ya Kenya Power au ni mita ndogo ya landilodi? Ya Kenya Power unanunua tokeni mwenyewe kupitia Paybill 888880 kwa namba ya mita yako. Ya landilodi, uliza yuniti moja ni pesa ngapi.
- Takataka na ulinzi viko ndani ya kodi au vinalipwa kando?
- Mvua kubwa ikinyesha, maji hupita wapi?

Swali hilo la mwisho si dogo. Kwenye mafuriko ya 2024, serikali iliamuru watu waliokuwa ndani ya mita 30 za kingo za mito wahame. Mto Nairobi na Motoine zote zinapita maeneo haya. Nyumba ya bei ya kutupa kando ya mto inaweza kukuhamisha mara ya pili kabla mwaka haujaisha.

4. Pesa za mwezi wa kwanza

Hapa ndipo wengi huishiwa. Kodi ya 12,000 haimaanishi unahitaji 12,000. Kwa kawaida utalipa kodi ya mwezi wa kwanza na dipositi ya mwezi mmoja: 24,000. Ongeza dipositi ya maji au stima kama ipo, gari la kuhamisha vitu, mtungi wa gesi, na nauli na chakula hadi mshahara wa kwanza. Muulize mwajiri mapema: ukiripoti tarehe 20, utalipwa mwezi huo au ujao?

Kama hesabu haitoshi, usijaze pengo kwa mkopo wa simu. Ni afadhali ukae kwa jamaa wiki tatu kuliko kuanza kazi na deni linalokata mshahara kabla haujaugusa. Na ukipata hizo wiki tatu, zitumie kuzoea barabara na kutembelea nyumba.

5. Kulipa bila kuchomeka

Matapeli wa nyumba hutumia haraka yako. Watakuambia kuna watu watatu wanaitaka, tuma elfu mbili ya kuishikilia. Ukituma, simu inazimwa. Kwa hiyo:

- Usitume dipositi kwa nyumba ambayo hujaingia ndani yake.
- Ada ya kutembezwa, kama ipo, ijulikane kabla ya kutoka nyumbani, na ilipwe baada ya kuona nyumba. Maajenti wa nyumba husajiliwa na Estate Agents Registration Board. Anayesema ni ajenti, muulize kuhusu usajili wake.
- Kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina linalotokea kwenye skrini. Lilingane na jina lililo kwenye mkataba. Ukiambiwa "hiyo ni laini ya mke wangu", acha kwanza.
- Lipa kwa Paybill au akaunti ya benki ya mwenye nyumba ikiwezekana. Ukitoa pesa taslimu, unalipa ada ya kutoa na hubaki na ushahidi wowote.
- Usifute ujumbe wa malipo. Piga picha ya skrini, na upate risiti inayotenganisha kodi na dipositi. Siku ya kuhama, ndiyo itakayokutetea.

Ukikosea namba kwenye M-Pesa, tuma ujumbe huo wa malipo kwa 456 mara moja. Lakini elewa: huduma hiyo ni ya makosa ya kutuma. Pesa uliyomtumia tapeli kwa hiari yako, naye akaitoa dakika ile ile, ni vigumu sana kurudi. Hapo unahitaji polisi, pamoja na zile jumbe ulizohifadhi.

Zoezi la leo

Chukua karatasi. Andika nyumba mbili unazozifikiria, na chini ya kila moja uandike kodi, nauli kwa siku zako za kazi, boda, maji, stima na takataka. Jumlisha. Kisha andika pesa zote unazohitaji kabla ya mshahara wa kwanza. Kama kuna mstari ambao huwezi kuujaza, hilo ndilo swali la kumuuliza keateka kesho, kabla hujatuma hata shilingi moja.

Karibu magharibi ya Nairobi, na kila la heri kazini.