FUNDISHO: ANAYEACHA POMBE ASIACHWE PEKE YAKE

Masomo: Mithali 23:29-35, Yakobo 5:16, Wagalatia 6:2



Kanisa letu halinywi pombe. Hata majirani wasiosali nasi wanalijua jambo hilo. Lakini tujiulize: baba aliyekunywa lutuku miaka 15, akatubu siku ya Mungu, akaombewa, akarudi nyumbani, Jumatatu jioni anakaa na nani? Rafiki zake wote wako kwenye malafu. Njia yake ya kutoka kazini inapita mbele ya nyumba ya mama anayepika lutuku. Sisi tumeimba, tumeshangilia, tumekwenda zetu. Mwezi wa pili tunasikia ameanguka, na wengine wanasema toba yake ilikuwa ya uongo. Fundisho hili linaitazama Jumatatu ile.

Kwanza mwili, maana hapa mtu anaweza kufa. Aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akiacha ghafula, baada ya saa chache mikono inatetemeka, jasho linamtoka, moyo unapiga mbio, usingizi unamkataa. Siku ya kwanza au ya pili anaweza kuanguka kama mwenye kifafa. Siku ya pili hadi ya nne wengine wanaona vitu visivyopo, wanasema na watu wasioonekana, wanashikwa na homa. Tunajua kwetu kitasemwa nini: ni pepo. Watamfungia chumbani na kumfungisha chakula. Ndugu, huo ni ugonjwa wenye dawa. Apelekwe hospitali siku ile ile, na mganga aambiwe ukweli: alikunywa nini, kiasi gani, aliacha lini. Maombi yanaweza kumfuata kitandani huko. Na anayekunywa hivyo, ambaye hajaacha bado, amwone mganga kwanza ndipo aache.

Sasa tuje kwenye mkutano wenyewe. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani, mfanyabiashara Bill Wilson alikuwa ameacha pombe miezi 5 tu. Biashara yake iliharibika, akabaki peke yake hotelini, na kelele za baa zilikuwa zinamwita. Hakuomba mtu wa kumhubiria. Alipiga simu kwa mchungaji wa mji ule, akatafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye! Wakamkutanisha na mganga mpasuaji, Bob Smith, aliyeteswa na pombe vilevile. Walizungumza saa nyingi. Mganga yule alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo inahesabiwa kuwa mwanzo wa chama cha Alcooliques Anonymes, yaani walevi wasiotajwa majina. Leo kiko katika nchi nyingi, Kenya ikiwamo. Huko Zanzibar, tangu mwisho wa miaka ya 2000, vijana walioacha heroini wanakaa pamoja katika nyumba zinazoitwa soba hausi, na wanakutana namna hiyo hiyo.

Mkutanoni mtu anasema jina lake la kwanza, anakiri kwamba pombe imemshinda, anaeleza safari yake. Wengine wanasikiliza bila kumkatiza. Ada haidaiwi hata makuta moja. Sharti ni kutaka kuacha tu. Mgeni anapata mwenzake wa zamani wa kumwita saa tamaa inapomshika, hata usiku. Wake na watoto wa mlevi wana mikutano yao, Al-Anon, tangu mwaka 1951.

Mtu wa Kamina aanzie wapi? Aulize wauguzi hospitalini, aulize parokia na makanisa mengine bila kuona haya. Anayesafiri kwa treni kwenda Lubumbashi aulize huko pia. Mwenye simu ya intaneti anaweza kusikiliza mikutano ya Kifaransa akiwa nyumbani. Na asipoona kikundi, asingoje: chama kile chenyewe kinakubali kwamba walevi wawili au watatu wakikutana ili waache, hicho tayari ni kikundi. Wachague nyumba tulivu na siku isiyobadilika. Sisi tungechagua jioni ya siku ya mshahara, maana ndiyo siku mbaya kuliko zote.

Neno moja kwa wazee na kwa wenye karama. Kuungama mbele ya kanisa lote ni jambo moja, kikundi ni jambo lingine. Kilichosemwa kikundini kisitoke, kisiwe unabii madhabahuni siku ya Mungu. Kikitoka mara moja tu, juma linalofuata viti vitakuwa vitupu.

Na akianguka mmoja? Aje juma lile lile, hata kama jana alikunywa. Asiulizwe kwa ukali. Aulizwe alikuwa wapi, na nani, saa ngapi, ili wote wajue njia ile inapita wapi.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani: Katika mtaa wetu ni nani aliyeacha pombe mwaka huu? Jumatatu jioni anakaa na nani?